Dogo Kamaliza Naruto, Sasa Mpe Nini?

Kila grupu la wapenda anime lina swali moja ambalo halichuji. Linakuja usiku, mara nyingi baada ya saa tano, na linaandikwa na mtu ambaye wiki nzima hajachangia kitu: "Wakuu, nimemaliza Naruto. Nicheki nini sasa?"

Hapo ndipo balaa linapoanza. Mmoja anatupia One Piece. Mwingine anasema One Piece ni ndefu mno, bora acheki Bleach. Wa tatu anadondosha orodha ya majina arobaini aliyoikopi sehemu, hata salamu hakuna. Wa nne anafufua ugomvi wa mwisho wa Attack on Titan, na ukishafufuliwa huo basi tena, maana huo ugomvi haujawahi kuisha tangu manga yenyewe ilipoisha mwaka 2021. Kufika asubuhi kuna meseji mia mbili na aliyeuliza keshaondoka zamani. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali.

Na kulikuwa na cha kuuliza. Naruto ya kwanza ina sehemu 220, Shippuden ina sehemu 500. Jumla 720. Hata ukiruka zile sehemu za kujazia, ambazo ukweli usemwe nyingi ni za kupotezeana muda tu, bado hiyo ni miezi kadhaa ya maisha ya mtu. Anayemaliza hapo anakuwa kama aliyehama mtaa. Yupo anayewamisi wale marafiki. Yupo anayemisi mapigano. Yupo aliyekuwa anaangalia ili asiwaze mambo mengine, na huyo ukimpa orodha ya majina arobaini unakuwa umemfukuza kwa heshima.

Temeke kuna msusi mmoja, dada wa miaka 26, ambaye kwa hili jambo ana kipaji cha ajabu. Saluni yake ni ndogo, viti vitatu na feni moja yenye kelele. Wateja wanamjua kwa knotless zake, lakini kuna kundi la vijana, wengine hata nywele za kusuka hawana, wanaopita pale kumuuliza wacheki nini. Majibu hayatoi siku hiyohiyo. Anasema hata nywele huanzi kusuka kabla hujazishika.

Kwa mfano yule jamaa wa benki aliyemaliza Death Note. Sehemu 37, kazimeza kwa siku nne, kaja macho mekundu. Dada akamuuliza: ulichopenda ni lile daftari la kuua watu, au ni wale watu wawili wenye akili wanavyowindana? Jamaa akafikiria, akasema kuwindana. Basi akapewa Monster.

Sasa Monster, kwa wasioijua, ni kazi ya Naoki Urasawa, na anime yake ina sehemu 74. Daktari wa upasuaji Mjapani, Kenzo Tenma, anafanya kazi hospitali moja Düsseldorf, Ujerumani. Usiku mmoja analetewa mtoto mwenye risasi kichwani. Mara wakubwa wanamwambia muache huyo, mheshimiwa meya naye kaletwa, nenda ukamshughulikie yeye. Tenma anagoma, anampasua mtoto, mtoto anapona. Meya anakufa. Miaka inapita, na yule mtoto anageuka kuwa muuaji ambaye hata polisi hawajui kama yupo. Hakuna mashetani humo, hakuna mtu anayerusha moto mikononi. Ni daktari mmoja anayezunguka Ulaya akiwa na swali: ningejua, ningemwacha afe? Inakwenda polepole, na kuna watu wanaikimbia kwenye sehemu ya kumi. Jamaa wa benki hakukimbia. Alirudi baada ya wiki tatu kusema tu kwamba sasa hivi akiona mtu mtulivu sana kwenye foleni anapata wasiwasi.

Au yule mama wa watoto wawili aliyetaka kitu cha kuangalia na wanawe Jumapili. Alikuwa kaambiwa sehemu kwamba Studio Ghibli ni nzuri kwa familia, achukue yoyote. Yoyote! Huo ni ushauri wa hatari. Tarehe 16 Aprili 1988 Ghibli walitoa filamu mbili kwa pamoja, tiketi moja: My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki na Grave of the Fireflies ya Isao Takahata. Ya kwanza ni watoto wawili wanaohamia kijijini na kukutana na dude kubwa lenye manyoya linalosubiri basi kwenye mvua. Ya pili ni kaka na mdogo wake wanaojaribu kuishi peke yao Japani ikipigwa mabomu mwaka 1945, na imetokana na hadithi ya Akiyuki Nosaka, ambaye mdogo wake wa kike alikufa kwa njaa kipindi hichohicho. Mama angeweza kuokota yoyote kati ya hizo mbili. Msusi akamwambia: chukua Totoro uangalie na watoto. Hiyo nyingine subiri siku watoto wako kwa bibi yao, na usiwe na ratiba kesho yake.

Kuna pia yule binti anayesoma kilimo pale SUA, Morogoro, aliyekuwa kaipenda Fullmetal Alchemist: Brotherhood mpaka basi. Wengi wangemrushia anime nyingine ya uchawi. Huyu dada akamuuliza kama anajua aliyeiandika ni nani. Binti hakujua. Hiromu Arakawa ni mwanamke aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, ndiyo maana akijichora mwenyewe anajichora ng'ombe mwenye miwani. Baada ya Fullmetal akaandika Silver Spoon, stori ya kijana wa mjini anayekimbilia shule ya kilimo, anajikuta anaamka alfajiri na kujifunza kwamba nguruwe uliyempa jina utakuja kumla. Binti wa SUA aliimaliza, na sasa anawalazimisha wanachuo wenzake nao waangalie.

Watu wanadhani dada ana majina mengi kichwani. Anayo, lakini si mengi kuliko ya wale wa kwenye grupu. Mtihani wake halisi ulikuwa nyumbani, na huo ulimchukua miezi.

Ana mdogo wake wa kiume. Wawili tu, na baba yao, dereva wa malori ya kwenda Tunduma, ambaye wiki mbili yuko barabarani na siku nne yuko nyumbani. Mama yao alifariki dogo akiwa kidato cha pili. Tangu hapo dada ndiye anayepika, anayefua, na anayejua daftari lipi limeisha. Mambo yalikuwa yanakwenda, siyo vizuri, ila yanakwenda. Halafu ikaja Januari, matokeo ya kidato cha nne yakatoka, dogo akapata ziro.

Mzee hakumpiga wala hakufoka. Alisema tu kwamba ile ada ingetosha kununua kiwanja, akamaliza chai yake, na baada ya hapo hakumsemesha tena. Safari iliyofuata hata kuaga alimwaga binti peke yake. Na dogo naye akafunga mdomo. Akawa analala mchana, usiku mzima yuko na simu chini ya shuka, anaangalia anime. Mzee akirudi alikuwa na neno lake moja, tena analisema ukutani, siyo kwa mtu: "Mtu mzima na katuni."

Hilo neno katuni lina historia ndefu kwenye nyumba za watu, na wanaolitumia hawana nia mbaya. Kwao kilichochorwa ni cha mtoto. Hawajui kwamba huko kwenyewe vinachorwa vitu vya mpaka wastaafu. Lakini kumweleza hivyo baba ambaye ada yake imepotea ni kujitafutia matatizo.

Marafiki wa dada walikuwa na majibu tayari. Mpe Blue Lock, apate hasira ya kufanikiwa. Mpe Haikyuu, ajifunze kujituma. Yaani mtoto kafeli, mpe anime ya washindi. Inaonekana na akili, na kwa mwingine ingefanya kazi. Dada akasita kwa sababu ya kitu alichokiona usiku mmoja alipoingia chumbani kuchukua chaja. Dogo alikuwa hachezi kitu kipya. Alikuwa amerudi Naruto, sehemu ya kwanza kabisa, na kaisimamisha pale Naruto amekaa peke yake kwenye bembea nje ya shule. Wenzake wamefaulu, wazazi wao wamekuja kuwapongeza. Yeye kafeli.

Sehemu 720 kazimaliza kitambo. Bado anarudi kwenye ile bembea.

Dada akarudi chumbani kwake, hakulala mapema. Alichochagua mwishoni kilimshangaza kila aliyeambiwa: March Comes in Like a Lion, ambayo mashabiki wengine wanaiita kwa jina lake la Kijapani, Sangatsu no Lion. Haina pambano hata moja la ngumi. Ni kijana wa miaka 17, Rei Kiriyama, mchezaji wa kulipwa wa shogi, mchezo wa bao la Kijapani unaofanana kidogo na chesi. Wazazi wake na mdogo wake walikufa kwenye ajali. Anaishi peke yake Tokyo, karibu na mto, kwenye chumba ambacho karibu hakina kitu.

Kwenye maktaba ya muvi ya mtaani hawakuwa nayo. Jamaa wa pale ana kila kitu chenye mapanga, lakini hii aliisikia kwa mara ya kwanza. Ikabidi dada aishushe mwenyewe kwa bando la usiku, sehemu chache chache, kwa karibu wiki mbili.

Dogo aliikataa. Aliangalia dakika tano, akauliza: "Dada, hawa wanapigana lini?" Akaambiwa hawapigani. Akauliza sasa inahusu nini, akaambiwa inahusu jamaa anayecheza bao. Akacheka, na kwa kuwa hicho kilikuwa kicheko cha kwanza tangu Januari, dada akakitumia hapohapo: sehemu tatu tu, tena pamoja, sebuleni, kwenye TV. Ukichoka nakuacha na Naruto yako.

Ile sehemu ya kwanza inaanza na ukimya mrefu. Rei anaamka, anakunywa maji, anavuka daraja, anapanda treni, anaingia ukumbini, anakaa mbele ya mwanaume mzima, wanacheza. Anashinda. Baadaye ndiyo unakuja kuelewa kwamba yule mwanaume ni baba aliyemlea. Alimchukua siku ya msiba, na kabla ya kumchukua alimuuliza kama anaipenda shogi. Mtoto akajibu ndiyo. Alikuwa anadanganya. Hakuipenda hata kidogo, ila aliona hilo ndilo jibu la kumpatia mahali pa kulala. Akaucheza ule mchezo kwa bidii mpaka akawapita watoto wa mle ndani, nyumba ikavurugika, akaondoka.

Dogo hakusema kitu. Ila sehemu ya tatu ilipoisha hakuinuka.

Aliyeiandika ni Chica Umino. Manga ilianza 2007, anime yake ikatengenezwa na studio ya Shaft kuanzia Oktoba 2016, misimu miwili, sehemu 44. Kuna jambo la kushangaza hapo: mwezi uleule anime ilipoanza kuonyeshwa, kijana wa kweli, Sota Fujii, alikuwa mchezaji wa kulipwa wa shogi akiwa na miaka 14, mdogo kuliko wote waliowahi kufika hapo. Miaka saba baadaye, Oktoba 2023, alikuwa ameshika mataji yote manane makubwa kwa wakati mmoja. Mtu akikuambia Rei ni wa kubuni tu, mwonyeshe Fujii. Na aliyekuwa anakagua michezo ya shogi ndani ya manga hiyo, mchezaji wa kulipwa aitwaye Manabu Senzaki, mwaka 2017 alilazimika kuacha kucheza kwa muda kwa sababu ya sonona, kisha akaandika kitabu kuhusu ugonjwa wake. Kwa hiyo yale mawingu meusi yanayomfunika Rei kitandani, zile siku anazoshindwa hata kunyanyua simu, siyo mapambo ya mchoraji.

Kilichomvuta dogo zaidi, hata hivyo, kilikuwa nyumba ya ng'ambo ya pili ya mto. Rei ana majirani, akina Kawamoto, dada watatu. Mkubwa anaitwa Akari. Alimkuta Rei usiku mmoja amelala barabarani, wakubwa zake wa kazini wamemnywesha pombe wakamwacha, akambeba mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo anamlisha. Mama yao alikufa. Akari anasaidia kwenye duka la babu yao la vitu vitamu, usiku mwingine anafanya kazi baa, na bado anarudi kupika. Kwenye ile anime watu wanakula sana, wali unafuka moshi, watu wanagombania kitoweo, na ukiiangalia na njaa utajuta.

Sehemu ya kumi na kitu hivi, dogo akasema bila kugeuka: "Huyu Akari ni wewe."

Dada alikuwa kaichagua kwa ajili ya Rei. Kwa wiki zote mbili za kushusha, kwenye akili yake mgonjwa alikuwa mmoja, na tiba ilikuwa yake. Hajawahi hata siku moja kujiweka humo ndani. Akasema anaenda kuangalia maharage jikoni, na jikoni hakukuwa na maharage.

Baada ya hapo mambo yalianza kusambaa, kama inavyokuwa anime ikimkolea mtu vizuri. Dogo akataka manga. Alianza na One Piece, maana ana programu ya Manga Plus kwenye simu, ile ya Shueisha wenyewe iliyoanza 2019, inayotoa sura mpya bure kwa Kiingereza siku ileile inayotoka Japani. Siku ya kwanza alilalamika kwamba stori haieleweki, watu wanajibu kabla hawajaulizwa. Alikuwa anasoma kushoto kwenda kulia. Alipogeuza, akasoma mpaka simu ikazima. Kiingereza kile ambacho darasani kilimshinda akawa anakitafuta neno kwa neno, kwa sababu anataka kujua Luffy kasema nini. Dada aliliona hilo na akanyamaza. Kuna vitu ukivisifia mapema unaviua.

Halafu akashusha mchezo wenyewe wa shogi. Ubao wa vyumba 81, kila mtu kete 20, zimeandikwa herufi za Kijapani, na wiki ya kwanza alikuwa anapigwa na simu mpaka aibu. Ila kuna sheria moja ilimkaa. Kwenye chesi ukiliwa kete, imekufa, inatolewa nje. Kwenye shogi kete uliyoila inakuwa yako. Unaishika pembeni, na ukiona panafaa unairudisha ubaoni ikupiganie wewe. Hakuna kete inayotoka moja kwa moja.

Babu yao mzaa mama anakaa Tandika, na ni mtu wa bao. Siyo drafti la vizibo vya soda, bao lenyewe, mashimo 32 na kete 64, na barazani kwake jioni wazee hukaa wakipigana maneno kuliko wanavyocheza. Dogo alikuwa hajaenda kule tangu matokeo, kwa aibu. Jumamosi moja akaenda mwenyewe, akaamkia, akakaa pembeni akitazama. Babu akala kete za mwenzake, akazichota, akaanza kuzisambaza upande wake.

"Babu," dogo akasema, "Japani nako wana mchezo hivyohivyo. Ukila kete ya mtu haifi, inakuwa ya kwako."

Babu hakuinua macho. "Basi hao ni watu wazima," akasema. Halafu akamwuliza kama anajua kucheza, dogo akasema hajui, akaambiwa sogea.

Sasa hivi anakwenda kila Jumamosi. Anapigwa vibaya sana, tena mbele ya wazee wanaomcheka wazi, na anarudi nyumbani na stori. Stori hizo ndizo zilizorudisha maneno ndani ya nyumba: kwanza kuhusu babu, kisha kuhusu Rei, kisha siku moja, katikati ya kuosha vyombo, kuhusu hesabu za kidato cha tatu na mwalimu aliyemwambia mbele ya darasa kwamba hana akili, akaacha kusikiliza kuanzia siku hiyo.

Dada akakumbuka filamu moja, ya watu halisi siyo ya kuchora. Inaitwa The Miracle of Crybaby Shottan, ya mwaka 2018, na ni stori ya kweli ya Shoji Segawa. Ili uwe mchezaji wa shogi wa kulipwa unapitia kwanza kwenye chama cha mafunzo chenye ukomo wa umri: ukifika miaka 26 hujafuzu, unaondoka, hata kama maisha yako yote yalikuwa humo. Segawa hakufuzu. Aliondoka 1996, akatafuta kazi ya ofisini, akawa mfanyakazi wa kawaida. Akaendelea kucheza kama raia na akawa anawafunga wa kulipwa. Watu wakapiga kelele, akapewa mtihani maalumu, na mwaka 2005, akiwa na miaka 35, akafuzu. Hata mwongozaji wa filamu hiyo, Toshiaki Toyoda, ujana wake alipitia chama hichohicho akaacha.

Hakumwambia dogo inahusu nini. Aliiweka tu kwenye flashi, akaandika jina kwa kalamu kwenye karatasi, akaenda kazini. Jioni alipofunga saluni alikuta meseji moja: "Dada, kurisiti ni shilingi ngapi?" Wamejiandikisha, mtahiniwa wa kujitegemea, masomo saba. Hakuna anayejua atapata nini. Hesabu bado zinamsumbua.

Mzee alirudi safari mwezi uliopita, saa mbili usiku, akawakuta sebuleni wameanza upya msimu wa kwanza. Dogo ndiye aliyeomba, anasema mara ya kwanza aliiangalia vibaya. Mzee aliweka begi, akasimama mlangoni kama anayetaka kusema lile neno lake. Hakulisema. Alikaa kwenye mkono wa kochi, viatu mguuni, akatazama. Ilikuwa pale akina Kawamoto wanakula, Akari anapakua, kila mtu anampa bakuli.

"Huyo binti ndiye anawalisha wote hao?" akauliza.

Muda ukapita kidogo, maana ilikuwa haijulikani kamuuliza nani.

"Ndiyo, baba," dogo akajibu.

"Mama yao?"

"Alifariki."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Kwenye TV Akari alikuwa bado anazunguka na kijiko. "Na yeye," akasema, "nani anampakulia?"

Dada aliendelea kuangalia TV. Dogo ndiye aliyenyanyuka, akaenda jikoni, zikasikika sahani.